Maneno Salama

Ripoti ilirudi mara ya tatu, imejaa wino mwekundu kama kuku aliyechinjwa na mlevi.

Sajini aliishika kwa ncha za vidole, akaipekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mahali Mkuu wa kituo alipouliza nani, wala vipi, wala kwa nini. Duara moja lilizunguka neno "seperate". Jingine lilizunguka "untill". Pembeni, kwa mwandiko wa kujipenda, Mkuu aliandika: *L moja tu mwishoni!* Na chini kabisa: *Rudia.*

"Ghala la watu limeteketea," Sajini aliuambia ukuta. "Mlinzi kaungua mikono. Mtu yuko mahabusu anangoja kupelekwa gerezani. Na huyu mzee anahesabu L."

Upande wa pili wa meza Koplo alichekea ndani ya kikombe cha chai. Huyu alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu. Kituo kizima kilimwita Kamusi, kwa sababu alitembea na kamusi ndogo mfukoni, ingawa kuanzia herufi T kwenda mbele mvua ilishaiharibu.

"Mimi tangu mwezi uliopita sijapata hata duara moja," alijisifu.

"Unafanyaje?"

"Siri ya jeshi, afande."

Sajini hakuwa na hamu ya siri. Pale kituoni sheria ilikuwa ya Mkuu na ilikuwa moja: ripoti zote kwa Kiingereza, na mwenye makosa mengi ya tahajia anashika kaunta siku ya mapumziko. Mkuu alirudi na sheria hiyo kutoka semina, pamoja na begi la bure na kalamu nyekundu. Wakubwa wakienda semina, wadogo ndio wanaolipa nauli.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa mshitakiwa, mapajani kaweka shati jeupe lililopigwa pasi na kukunjwa vizuri. Alikuja nalo ili mumewe asisimame mbele ya hakimu na fulana yenye madoa ya rangi.

"Kaka," alimwita Sajini alipopita, "gari la mahakama linaondoka lini?"

"Mchana huu, shemeji."

"Na akishapanda?"

Sajini alitazama shati. Kesi ya kuchoma jengo haina dhamana ya haraka. Akipanda gari lile, mtoto atazaliwa baba hayupo, maana tumbo la yule mama lilikuwa limeshakaa chini.

"Hajapanda bado," alimjibu, akaenda kugonga mlango wa Mkuu.

*

Mkuu alikuwa amezipanga picha mezani kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Umeandika upya?"

"Bado, afande. Nataka kwanza niulize jambo kuhusu ushahidi."

"Ushahidi huu hapa!" Mkuu aligonga picha ya kwanza. Ilionyesha ukuta wa nje wa ghala la kampuni ya vitabu, na juu yake maneno ya Kiingereza ya kutishia adhabu, kwa rangi nyekundu: YOU WILL RECIEVE YOUR PUNISHM. Mlinzi alipiga kelele kabla neno la mwisho halijaisha. Muda mfupi baadaye ghala likawaka. Chini ya ukuta lilikutwa kopo la rangi na brashi, na vyote viwili vilikuwa vya mchora vibao mmoja wa mjini, jina la kazi Fundi Brashi.

"Sasa tazama hapa." Mkuu aligonga picha za pili na tatu. "Kibao cha ofisi ya vifurushi: 'We recieve parcels.' Kibao cha nyumba ya wageni: 'Accomodation', m moja badala ya mbili. Vyote kachora yeye. Kwenye recieve, i imekaa mbele ya e, hapa na pale ukutani, vilevile! Mhalifu huacha alama zake, Sajini. Wengine huacha vidole. Huyu ameacha tahajia."

"Afande, neno hilo hata mimi nililikosea kwenye ripoti ya kwanza. Ulilizungushia duara."

"Basi na wewe jihadhari."

Sajini alisubiri kuona kama Mkuu anatania. Hakuwa anatania.

"Nipe ripoti safi kabla gari halijaondoka," Mkuu alisema. "Hakimu akiona 'untill' atacheka. Akicheka, kesi imekufa. Na uniandalie kiti, Meneja wa kampuni anakuja kuleta maelezo yake. Amesoma yule. Utaona maandishi."

*

Fundi Brashi alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani. Sajini alichuchumaa nje ya nondo, akamwonyesha picha ya kibao cha ofisi ya vifurushi.

"Fundi, neno hili umelikosea."

"Lipi?"

"Hili la pili. Recieve."

"Linasemaje hilo?"

Sajini alimtazama. "Hujui ulichoandika?"

"Afande, mimi siandiki. Mimi nachora." Fundi alisema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa watu wengi. "Mteja ananiletea karatasi. Akiandika kuku, nachora kuku. Akiandika kuki, nachora kuki. Nikianza kumrekebisha mtu mwenye tai nitakula wapi? Makosa ya vibao vyote mjini humu si yangu, ni ya wenye maduka. Mimi wangu ni mstari kunyooka."

"Kwa hiyo ungetaka kumtisha mtu kwa Kiingereza..."

"Ningeanza kwa kutafuta wa kuniandikia karatasi! Nani anatishia kwa lugha asiyoijua? Ningemtukana kwa lugha ya mama yangu, aelewe vizuri."

Mahabusu wa jirani alicheka. Sajini akatoa picha ya ukuta. Fundi aliivuta karibu na nondo, akakunja uso kama aliyenusa chakula kilichochacha.

"Nani kachora huu uchafu?"

"Wanasema wewe."

"Mimi? Na matone haya? Afande, nipe chaki."

Sajini alimtolea kipande cha chaki cha ubao wa zamu. Fundi alisimama, akapima ukuta wa mahabusu kwa macho, halafu mkono ukaanza kushuka: mstari wima, nafasi, mstari wima, miwili ya karibu, nafasi. Alivuka ukuta mzima bila kusimama. Hapakuwa na herufi hata moja, ila vijiti tu kama uzio wa shamba.

"Hii ndiyo miti," alisema. "Miti yote kwanza, kwa brashi bapa. Halafu nabadili brashi, narudi mwanzo, naweka matumbo." Akarudi kushoto, akaongeza mapindo na vikono, na uzio ukageuka jina la duka la viatu. "Wachora vibao wote tunafanya hivi, si mimi tu. Ukibadili brashi kila herufi, rangi inakauka na kazi haiishi. Sasa mtu akinikurupusha katikati ya kazi, ataukuta uzio. Hawezi kukuta maneno yamekamilika moja moja mpaka yakakatika hapa, kama mwanafunzi aliyepigiwa kengele. Huyu ni mtu wa kalamu."

Sajini aliutazama ukuta wa chaki, kisha picha. Kule, kila herufi ilikuwa imemalizwa kabla ya nyingine kuanza.

"Kopo na brashi ni vyako?"

"Vyangu. Niliviacha stoo ya kampuni. Nilikuwa nawachorea upya kibao cha geti, Meneja akanifukuza kazi haijaisha. Alinitukana mbele za watu, eti nimeiaibisha kampuni kwa neno lililokosewa. Karatasi ilikuwa yake! Mwandiko wake!"

"Ukamwambia atajuta."

"Nikamwambia. Hata wewe ungemwambia."

Sajini alikusanya picha zake, akasimama.

*

Ofisi ya kampuni ya vitabu ilinuka moshi na karatasi mbichi. Chumba cha mwisho alikaa msahihishaji, mama wa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, ambaye wenzake walimwita Mama Nukta. Mbele yake palikuwa na ukurasa, na juu ya ukurasa rula, na rula ilikuwa inapanda badala ya kushuka.

"Mama, unasoma kinyumenyume?"

"Ndiyo kazi yenyewe, kaka. Ukisoma kwenda mbele, jicho linasoma linachotaka, linaruka kama mbuzi. Ukianzia neno la mwisho kurudi la kwanza, halina pa kurukia."

Sajini alivuta kiti. "Nisaidie basi. Nimerudishiwa ripoti mara tatu."

"Neno gani linakusumbua?"

"Seperate."

"Hilo linawasumbua wengi. Usiliandike unavyolisikia, Waingereza wenyewe hawalitamki lilivyo. Lisome kimoyomoyo kama la Kiswahili: se-pa-ra-te. Umeona a ilipo? Mimi Jumatano yao naisoma we-dne-sda-y, kama jina la kijiji. Sijaikosea tangu niolewe. Na usijiamini. Ukimaliza, mpe mwingine asome, na asiwe rafiki yako."

"Hayo ndiyo yalikuwa kwenye kile kijitabu kilichoungua?"

Mama Nukta akaweka rula chini. "*Makosa ya Tahajia ya Kiingereza na Namna ya Kuyaepuka*. Maelfu ya nakala, kwa shule zote."

"Poleni. Ni msiba."

"Msiba?" Alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. "Kaka, ule moto ulikuwa rehema. Funga mlango."

Sajini akafunga.

"Kila ukurasa una safu mbili," Mama Nukta alisema. "Kushoto neno lililokosewa, kulia lililo sahihi. Ndivyo mtoto anavyojifunza: usiandike hivi, andika hivi. Umenielewa? Sasa Meneja, kwa haraka zake, aliniletea maneno matupu, vichwa vya safu kaviondoa, maelezo kayaondoa. 'Mama, sahihisha, kesho yanakwenda kiwandani.' Nikamuuliza, hii ni nini? 'Sahihisha, usiulize.' Nikasahihisha. Yote."

"Yote?"

"Kushoto na kulia."

Sajini alizilinganisha zile safu mbili kichwani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Cheka tu," alisema Mama Nukta. "Kitabu cha makosa hakina kosa hata moja. Kinamwambia mtoto, usiandike *receive*, andika *receive*. Usiandike *necessary*, andika *necessary*. Kurasa mia! Mimi nilicheka, halafu nikalia."

"Meneja alijua?"

"Nilimwonyesha siku viliposhushwa ghalani. Akaniambia nifunge mdomo. Kesho yake ofisi ya elimu walikuwa wanakuja kuvipokea, na wapiga picha juu. Alfajiri hiyohiyo vikaungua." Alirudisha rula ukurasani, ikakaa upande. "Mimi ningekosea ningefukuzwa. Mkubwa akikosea, panaungua."

"Funguo za ghala ziko ngapi?"

"Mbili. Wa mlinzi na wa Meneja."

"Yeye yuko wapi?"

"Kaenda kituoni kwenu. Kaandika maelezo yake, kurasa nne za Kiingereza. Nimemsahihishia mwenyewe asubuhi."

Sajini alitoka kupitia ujia uliounganisha ofisi na ghala. Hapo alisimama. Ujia huo haukuwa kwenye ripoti. Kwenye maelezo ya mlinzi, yaliyochukuliwa na Koplo, kulikuwa na ukuta, mtu, kelele, barabara na moto. *He ran to the road.* Kitu kingine hakikuwemo.

*

Hospitali haikuwa mbali. Sajini aliipita wodi ya wanawake bila kugeuza shingo. Mkewe alitolewa humo amefunikwa shuka, na siku ile daktari wa zamu alikuwa semina. Nao wana semina zao.

Mzee mlinzi alilala amenyoosha mikono juu ya mto, imefungwa bandeji mpaka viwiko.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga yule mtu?"

"Yupi?"

"Ndiyo nami nauliza."

Sajini aliwasha simu irekodi, akaiweka kando ya mto. "Nisimulie upya. Kwa Kiswahili, taratibu, kama unamsimulia mkeo."

"Mke wangu ningemsimulia kwa kelele, ni kiziwi." Mzee alicheka, akakunja uso kwa maumivu. "Nilikuwa nazunguka nyuma. Kurudi, nikamwona mtu ukutani, amenipa mgongo, kajifunika kofia. Nikapiga kelele. Akatupa brashi, akakimbilia ndani."

"Ndani? Si barabarani?"

"Barabarani kufanya nini? Mlango wa chuma ulikuwa umeegeshwa. Akaingia, akaufunga. Nikasema, mwizi mjinga huyu, kajitia mwenyewe mtegoni, nikausahau ule ujia wa kwenda ofisini. Nikatoa ufunguo wangu. Ukagoma."

"Uligoma vipi?"

"Uliingia nusu ukagota. Kulikuwa na ufunguo mwingine tunduni, upande wa ndani. Nikawa nausukuma, nausukuma, mara moshi. Mlango ukawa wa moto mimi bado nimeung'ang'ania. Ndiyo mikono hii." Alitazama bandeji. "Yote haya nilimwambia yule mwenzako wa kamusi. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Mwisho akaniambia, asante mzee, inatosha."

Sajini alizima simu. Alirudi ghalani kwa mguu wa haraka, akaomba msumeno wa chuma. Mlango ulikuwa umelala juu ya majivu ulipoangushwa na wazima moto. Aliugeuza kwa msaada wa wafanyakazi wawili. Kitasa kilikuwa kimekunjamana kwa joto, na tunduni, upande wa ndani, ufunguo ulikuwa bado umekaa. Mtu mwenye haraka, aliyetokea kwa ujia wa ofisini, aliusahau. Alipiga picha, akakata kipande chote, akakifunga kwenye mfuko, na wale wawili wakasaini kuwa wameona. Kisha akampigia simu Mama Nukta amkute kituoni.

*

"Kamusi, njoo hapa."

Koplo alikuja na kikombe. Sajini alimsikilizisha sauti ya mzee mpaka mwisho. Kikombe kikashuka mezani polepole.

"Alikuambia haya?"

"Aliniambia."

"Yako wapi?"

Koplo alikuna shingo. "Afande, ufunguo kugota tunduni kwa sababu ya ufunguo mwingine upande wa ndani. Wewe ungeandikaje kwa Kiingereza? Tundu lenyewe linaandikwaje? Na ule ujia, *corridor* yao, nilijaribu, kuna r sijui ngapi. Nikaona hapa nitajaza maduara."

"Ukafanya nini?"

"Nina maneno yangu salama," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "*Man, wall, road, fire, house, run.* Hayo sikosei. Mtu akisema jambo lisilo na neno salama, namtafutia lililo karibu."

"Alikimbilia ndani, ukamkimbizia barabarani!"

"*Road* naijua vizuri."

Sajini alifungua mdomo amtukane. Akakumbuka ripoti zake mwenyewe, mara ngapi aliacha kuandika kwamba mtu alisitasita, au alitetemeka, au alibabaika, akaandika tu *he said*. Kabati lile pembeni lilikuwa limejaa majalada, na katika majalada yote wahalifu walikimbilia barabarani.

Nje, injini ya gari la mahakama iliwashwa.

*

Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, mguu juu ya mguu. Mkuu alikuwa akisoma kurasa zake nne, kalamu nyekundu imelala bila kazi.

"Soma, Sajini! Hivi ndivyo mtu anavyoandika. Hakuna duara hata moja."

"Naamini, afande. Aliyeyasahihisha huyu hapa." Sajini alimpisha Mama Nukta aingie, na Koplo nyuma yake. Bila kuomba ruhusa aliweka simu mezani, akawasha.

Sauti ya mzee ilijaa chumba. Ilipofika kwenye ufunguo uliogoma, mguu wa Meneja ulishuka kutoka juu ya mwenzake.

"Mbona hili halimo kwenye maelezo?" Mkuu aliuliza.

"Neno lilikuwa gumu, afande," alisema Koplo, macho yamepigiliwa sakafuni.

"Neno gani?"

"Karibu yote."

Mkuu alikohoa, akaitazama kalamu yake kama aliyoikuta mezani kwa bahati mbaya.

"Mzee alikuwa na moshi machoni," Meneja alisema. "Na maumivu. Tumhurumie tu."

"Ufunguo wako wa ghala uko wapi?" Sajini aliuliza.

"Nyumbani."

Sajini alifungua mfuko, akaweka kitasa mezani. Majivu yalimwagika juu ya kurasa nne. "Wa mlinzi uko hospitali kwenye suruali yake. Huu wa nani?"

Meneja alitazama kitasa. "Basi fundi aliuiba. Alikuwa akiingia na kutoka stoo wiki nzima." Akageuka kwa Mkuu. "Jamani, mimi ndiye niliyepata hasara hapa. Vile vijitabu vilikuwa kazi ya maisha yangu. Nichome mali yangu kwa lipi?"

"Kweli," alisema Mkuu. "Kwa lipi, Sajini?"

"Hilo hata mimi sitaki kumwonea. Hasara yenyewe inatibika, afande. Mama Nukta ana kurasa zote kwenye kompyuta. Meneja amwagize tu hapa mbele yetu vichapwe upya vilevile vilivyokuwa, asibadili kitu. Watoto wapate vitabu vyao."

"Wazo zuri!" Mkuu alipiga meza. "Meneja, mwagize mama."

Meneja hakumwagiza.

"Itabidi tuvipitie kwanza," alisema hatimaye.

"Ukurasa wa tatu wa maelezo yako unasema vilikuwa kamili, havina dosari."

"Nichape, bosi?" Mama Nukta aliuliza kwa upole. "Vilevile?"

Mama Nukta alitoa simu yake, akafungua ukurasa mmoja, akauweka mbele ya Mkuu. Mkuu alisoma safu ya kushoto, akasoma ya kulia. Kwa mazoea mkono ulichukua kalamu nyekundu, ukatafuta pa kuzungushia, ukakosa. Alisoma tena, sasa kwa midomo.

"Usiandike *receive*," alisema taratibu. "Andika... *receive*?"

"Maelfu ya nakala, afande," alisema Sajini. "Na wapiga picha walikuwa wanakuja asubuhi."

Meneja alisimama. Koplo, ambaye siku nzima hakuwa na faida, alikuwa ameshaziba mlango kwa tumbo lake.

"Nilimwambia asahihishe!" Meneja alifoka, kidole kinamwelekea Mama Nukta. "Mjinga ni huyu! Yeye ndiye aliyeharibu! Mimi ningesimama vipi mbele ya wale watu?"

"Ungesimama ukasema samahani," alijibu Mama Nukta. "Sisi huku chini tunasema kila siku."

"Pingu, Kamusi," Sajini alisema. "Na maneno yake hayo yaandike. Kwa lugha aliyoyasemea."

Koplo alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa akipangusa majivu kwenye kurasa nne, anayasambaza zaidi. Hakukataa.

*

Gari la mahakama liliondoka na wezi wa kuku wawili.

Fundi Brashi alitolewa, akasimama kaunta akipepesa macho. Mkewe hakulia. Alimvua fulana yenye madoa palepale mbele ya askari, akamvalisha lile shati, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingo.

"Unaniaibisha, mke wangu."

"Tulia."

Mkuu alikuja na fomu ya kumwachia, kwa Kiingereza, imeshapigwa muhuri. Alikuwa na haraka. Makao makuu walishampigia simu, na hakutaka mtu huyu aendelee kuonekana pale.

"Weka sahihi hapa, fundi, uende zako."

Fundi alichukua kalamu. Mkono ulishuka mpaka kwenye mstari, nukta ya wino ikaingia kwenye karatasi. Ukasimama.

"Inasemaje?"

"Inasema uko huru. Weka sahihi."

"Hiyo ni mistari miwili." Fundi alihesabu kwa kidole kushuka chini. "Na hii yote iliyobaki inasemaje?"

Mkuu alitazama saa. "Ni maneno ya kawaida tu."

Fundi aliirudisha kalamu kaunta. Sajini akaivuta fomu, akatoa miwani yake, akaanza kumsomea, Kiingereza kimoyomoyo na Kiswahili kwa sauti. Kwenye mstari wa tano alikwama. Mstari huo ulisema mwenye kusaini anakubali kuwa alikamatwa kwa haki na hana malalamiko.

Akausoma hivyohivyo kwa sauti. Mke wa Fundi alirudi kwenye benchi, akakaa, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Hilo ufute, kaka," alisema. "Halafu endelea kusoma. Sisi hatuna haraka."